UTOSI NI DIRISHA
Somo kwa mama juu ya kichwa cha mutoto kinachokua mbio, na juu ya mashini zinazopiga picha ya ndani



Kila mara unapofika kilinike tunapima kilo ya mutoto wako. Mama wote wanajua kilo, nao wanafurahi kuona mustari wa karti unapanda. Lakini kuko kipimo kingine ambacho wengi hawakijali. Mwuguzi anachukua mita, sawa ile ya fundi wa kushona, anaizungusha kichwani mwa mutoto, anaandika hesabu. Mama wengine wanacheka: "Munataka kumushonea kofia?"

Hapana, mama. Mita ile ni kipimo cha bongo. Inaweza kutuonyesha mapema ugonjwa ambao unaharibu bongo la mutoto polepole, bila kelele, wakati yeye angali ananyonya vizuri na kucheka. Ugonjwa huo unaitwa maji ya kichwa. Soma somo hili, ao umwombe mutu akusomee, kisha uwaelezee mama wengine wa mutaa wako.

1. MAJI YA KICHWA YANATOKA WAPI?

Bongo la kila mutu linakaa ndani ya maji safi. Si maji uliyokunywa wakati wa mimba, wala si mvua iliyokupiga njiani. Mwili wenyewe unayafanya. Yanatoka katika vyumba vine vidogo ndani ya bongo, yanapita katika njia nyembamba, yanazunguka bongo na kushuka mugongoni, kisha yanaingia tena katika damu. Mutu mukubwa anafanya karibu nusu litre kila siku. Hata hivi, kwa wakati mumoja anakuwa nayo mililitre 150 tu, sawa kopo dogo la chai, kwa maana mengine yamekwisha kurudi katika damu.

Sasa fikiri juu ya mufereji wa shamba. Majani yakiziba mufereji, maji hayaachi kuja. Yanajaa, yanapanda, yanaharibu mimea. Ni vile vile katika kichwa. Njia ikizibwa, maji yanaendelea kufanyika, vyumba vinavimba, na bongo linasukumwa na kubanwa juu ya mifupa.

Kwa mutu mukubwa mifupa ya kichwa imekwisha kushikana, haiwezi kupanuka. Kwa mutoto muchanga mifupa haijashikana bado, basi kichwa chenyewe kinapanuka. Ndiyo sababu watu wengine wanadanganyika na kusema: "Mutoto huyu atakuwa na akili nyingi, angalia kichwa chake!" Lakini kichwa kikubwa si bongo kubwa. Pengine ndani kumejaa maji, na bongo limekuwa jembamba.

2. KWA NINI TUNAHITAJI PICHA?

Mita inasema: "Kichwa hiki kinakua mbio kupita." Haisemi kwa nini. Pengine baba wa mutoto na babu yake wako na kichwa kikubwa, na mutoto ni muzima kabisa. Pengine ni maji, pengine damu, pengine ni kivimbe. Mukono hauwezi kugusa ndani, jicho haliwezi kuona kupitia mufupa. Kwa hiyo munganga anatafuta picha. Kuko namna ine.

Radio. Si ile ya kusikiliza habari. Katika mwaka 1895, mwenye elimu mumoja wa Ujerumani, jina lake Wilhelm Röntgen, aliona nuru isiyoonekana kwa macho ambayo inapita katika nyama na kuzuiwa na mifupa. Alipiga picha ya mukono wa muke wake: mifupa ya vidole ilionekana, na pete pia. Tangu siku zile radio inasaidia sana kwa muguu uliovunjika na kwa mugongo uliopindika. Lakini kwa maji ya kichwa haitoshi. Maji na bongo vinafanana kwa radio, havitengani.

Ekografi. Mama wengi mumekwisha kuiona wakati wa mimba. Mashini hii haina nuru ya radio. Inatuma sauti ndogo ambayo sikio la mutu halisikii, kisha inasikiliza namna sauti inavyorudi, sawa wewe unapoita mbele ya mulima na mulima unakujibu. Maji yanaonekana meusi, bongo linaonekana na rangi ya majivu.

Lakini angalia vizuri: sauti ile haipiti sawasawa katika mufupa. Namna gani basi ataona ndani ya kichwa? Anapitia utosi! Pale juu ya kichwa, mahali pororo panapopiga-piga, hakuna mufupa bado. Utosi ni dirisha. Munganga anatia dawa ya kuteleza, anaweka kichwa kidogo cha mashini juu yake, na anaona vyumba vya maji kama vimevimba ao hapana. Mutoto anaweza kulala mikononi mwako ama kunyonya. Haumii.

Dirisha hili halibaki wazi siku zote. Kwa watoto wengi utosi unafunga kati ya mwezi wa 12 na mwezi wa 18. Ukisha kufunga, ekografi ya kichwa haiwezi tena kuona vizuri, na inaomba mashini kubwa ambazo ziko mbali na zinauzwa feza nyingi.

Skaneri. Hii ni radio inayozunguka kichwa. Inapiga picha nyingi kwa kila upande, na ordinatere inaziunganisha, hata munganga anaona kichwa kipande kwa kipande, sawa unavyokata muhogo. Mugonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa skaneri katika muji wa London mwaka 1971. Picha yake ni nzuri sana, lakini inatumia nuru nyingi kuliko radio moja, kwa hiyo mutoto hapigwi bila sababu.

IRM. Hii ni mashini ya sumaku kubwa. Haina nuru ya radio. Inaonyesha bongo na uti wa mugongo kuliko mashini zote. Lakini bei yake ni kubwa, inaomba umeme usiokatika, na mutoto ni lazima alale bila kutikisika.

Umeona, mama? Mita ni ya bei ndogo, ekografi ni ya bei ya katikati, skaneri na IRM ni za bei kubwa. Mama anayekuja mapema anasaidiwa kwa vile vya karibu. Anayekawia anatumwa mbali.

3. WENYE ELIMU WALIJIFUNZA NINI KWA JIRANI ZETU WA UGANDA?

Mambo mengi tunayojua leo juu ya ugonjwa huu hayakutoka Ulaya. Yalitoka Mbale, muji wa mashariki ya Uganda, katika hospitali ya watoto inayoitwa CURE. Munganga wa Marekani, Benjamin Warf, alikuja kutumika kule pamoja na waganga wa Uganda. Walifuata watoto 300 wenye maji ya kichwa, na katika mwaka 2005 walitangaza walichokuta. Karibu 6 kati ya 10 walipata ugonjwa kisha homa ya bongo ao ugonjwa mwingine wa vijidudu. Na wengi kati ya hao, vijidudu viliwashika katika mwezi wa kwanza wa maisha yao.

Sikia neno hilo vizuri. Mutoto alizaliwa na kichwa kizuri. Akashikwa na homa akiwa na siku 10 ao 20. Homa ikaisha, wazazi wakafurahi. Lakini ndani vijidudu viliacha makovu katika njia za maji, sawa majani katika mufereji. Kisha majuma ao miezi, kichwa kikaanza kukua.

Kule Mbale walitafuta pia namna nzuri ya kupasua. Waligawa watoto 100 kwa kura. Wengine walitiwa tiyo ndogo inayotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Wengine walifunguliwa njia mupya ndani ya bongo kwa chombo chembamba chenye taa, bila kuacha tiyo mwilini. Kisha mwaka mumoja walipima akili za watoto, na kwa skaneri walipima ukubwa wa bongo lao. Majibu yalitangazwa mwaka 2017: makundi mawili yalikaribiana. Njia zote mbili zinasaidia.

Picha za watoto wenye ugonjwa huu zilifundisha jambo lingine kubwa. Kinachofuatana na akili ya mutoto si wingi wa maji tu, ni zaidi wingi wa bongo lililobaki na kuendelea kukua. Kupasua kunazuia bongo lisibanwe tena, lakini bongo lililokwisha kuharibika halirudi lote. Ndiyo maana tunasema kila siku: kuja mapema.

Na juu ya mashini, kazi inaendelea. Katika mwaka 2022, kwenye chuo kikuu cha Mbarara, magharibi ya Uganda, wenye elimu wa Uganda na wa Uholanzi waliunga IRM ndogo palepale, kipande kwa kipande. Sumaku yake iko na nguvu ndogo karibu mara 30 kuliko IRM nyingi za hospitali kubwa. Picha yake si nzuri sana. Lakini kwa kutambua maji na bongo haiombi picha nzuri kupita yote. Inaomba picha inayoweza kupatikana karibu na mama. Hiyo ndiyo kazi wanayoifanya.

4. WAKATI GANI UJE?

Kwanza, usikose kipimo. Mutoto aliyezaliwa na miezi kamili yuko na kichwa cha karibu santimetre 34 ao 35. Kwa mwezi wa 3 ni karibu 40. Kwa mwezi wa 6 ni karibu 43. Kwa mwaka mumoja ni karibu 45 ao 46. Usiogope kama wa kwako anazidi ao anapungua kidogo. Kipimo kimoja hakisemi mengi, ni mustari wa miezi unaosema. Kama kichwa kinaongezeka zaidi ya santimetre 1 kwa juma, usingoje kilinike ya mwezi unaokuja.

Kuja pia kama unaona:
– utosi umevimba na kukaza, hata wakati mutoto anakaa wima na halii;
– mishipa ya damu ya kichwa imetokea sana, na ngozi inangaa;
– macho yanatazama chini kila mara, sawa jua linaloshuka, na weupe unaonekana juu;
– mutoto anatapika mara kwa mara, analala kupita, ao analia kwa sauti kali;
– anakaza mwili na kutetemeka;
– hashiki kichwa chake, na watoto wa umri wake wamekwisha kukishika.

Utosi ulioingia ndani ni jambo lingine. Mara nyingi ni ishara ya kukosa maji mwilini, zaidi kama anahara. Munyonyeshe, umupe maji ya chumvi na sukari ya paketi uliyoonyeshwa, na uje siku ile ile.

5. SIKU YA PICHA

Mutoe hirizi, ushanga, na pini zote za chuma kichwani na shingoni. Chuma inaharibu picha, na karibu na sumaku ya IRM inaleta hatari. Uliza kama mutoto anyonye ao asinyonye mbele ya picha. Kwa ekografi anyonye tu. Kama watamulalisha kwa dawa, watakuambia saa ya kuacha. Kama uko na mimba, ao unafikiri uko nayo, sema. Kwa radio na skaneri mutu mwingine ndiye atamushika mutoto. Na picha ukisha kuipewa, uitunze pakavu pamoja na karti. Picha ya leo inasaidia wakati tu tunaweza kuilinganisha na ya kesho.

Neno moja zaidi: picha haiponyeshi. Ni sawa taa ndani ya nyumba ya giza. Taa inaonyesha nyoka, lakini haimuui. Wazazi wengine wanauza mbuzi kwa picha, kisha wanarudi nyumbani na kusema: "Amekwisha kutibiwa." Hapana. Picha ikionyesha maji, kazi inaanza. Fuata karatasi ya kukutuma kwa munganga anayepasua.

Na kama mutoto ametiwa tiyo, ujue kama tiyo inaweza kuziba ao kushikwa na vijidudu. Homa, kutapika, usingizi kupita, utosi kuvimba tena, ngozi nyekundu juu ya tiyo: usiku ama mchana, mulete. Usingoje asubuhi.

6. TUZUIE MBELE

Ao tusipate kazi ya picha kabisa! Mengi yako mikononi mwetu.

Zalia mahali penye muzalishaji. Kitovu kikatwe kwa wembe mupya, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Usitie mavi ya ng'ombe, majivu, wala udongo juu ya kitovu. Wanaomushika mutoto muchanga waoshe mikono. Munyonyeshe tangu saa ya kwanza. Umalize chanjo zote, kwa sababu nyingine zinazuia homa ya bongo ya namna kadhaa.

Mutoto wa chini ya mwezi mumoja akipata homa, akiwa baridi kupita, ao akikataa kunyonya, huo si ugonjwa wa kungoja. Mulete siku ile ile.

Na kwa wewe unayetaka mimba: watoto wengine wanazaliwa na kidonda cha mugongo, na wengi wao wanapata maji ya kichwa pia, na miguu isiyo na nguvu. Mugongo unafunga katika juma 4 za kwanza za mimba, mbele mama hajajijua. Vidonge vya asidi foliki vinasaidia kuzuia, lakini inafaa vianze mbele ya mimba. Uliza kwenye kilinike.

7. MAULIZO AMBAYO MAMA WANATUULIZA

"Ile mashini haitaunguza bongo ya mutoto wangu?"
Ekografi haiunguzi, ni sauti tu. Nuru ya radio moja ni ndogo. Ya skaneri ni zaidi, kwa hiyo tunaiomba wakati faida inapita hatari.

"Bibi wa bwana wangu anasema ni uchawi, eti mimi niliangalia kitu kibaya wakati wa mimba."
Hapana, mama yangu. Hukufanya neno baya. Ni njia ya maji iliyozibwa. Mulete bibi kilinike, tumuonyeshe picha kwa macho yake. Wengi wanatulia wanapoona.

"Munganga wa kienyeji anasema atatoa maji kwa kukata chale."
Chale haifiki kwenye maji, inafungua mulango kwa vijidudu. Na hata kama maji yanatolewa kwa sindano, yanajaa tena, kwa maana mwili unayafanya kila siku. Inaomba njia ya kudumu.

"Sina feza. Nikae tu?"
Usikae. Kipimo cha mita ni hapa hapa. Kuja, tupime, tuandike, tutafute pamoja. Deni la kungoja linalipwa na mutoto.

"Kichwa chake kimekwisha kuwa kikubwa. Nimechelewa?"
Kuja hata hivi. Pengine macho yake, ao mikono yake, ao maneno yake yanaweza kuokolewa. Mutoto huyu ni mutu, si mzigo, na maumivu ya kichwa kilichojaa yanaweza kupunguzwa.

MANENO YA KUSHIKA

1. Kichwa kipimwe kila kilinike. Kama mwuguzi amesahau, wewe umukumbushe.
2. Utosi ni dirisha. Kwa wengi linafunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18.
3. Homa ya mutoto muchanga ni mambo ya siku ile ile. Kisha homa, endelea kupima kichwa.
4. Picha inaonyesha. Haiponyeshi.
5. Bongo lililookolewa mapema linakua pamoja na mutoto.

YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

a) Karti ya mutoto wako inaonyesha santimetre ngapi mwezi huu? Na mwezi uliopita?
b) Kwa nini ekografi ya kichwa inapigwa kupitia utosi?
c) Kama jirani yako yuko na mutoto mwenye kichwa kinachokua mbio, naye anamuficha ndani kwa haya, utamuambia nini?